UZI: Kichomeo cha gesi maabarani na upepo wa ziwa wa saa nane mchana

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni fundi sanifu maabara, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeimaliza katika shule za sekondari za Ilemela na Nyamagana, mkoani Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Nimefungua uzi huu baada ya mwalimu mmoja mgeni, aliyehamia kwetu kutoka Dodoma muhula huu, kuniuliza kwa nini ninakataa majaribio ya kichomeo cha gesi yasifanyike baada ya saa saba mchana. Alidhani ni uvivu wa fundi mzee anayetaka kuwahi daladala. Jibu langu lilizidi muda wa mapumziko ya chai, na nimeona ni heri niliandike hapa, ili wengine wenye maabara za kandokando ya ziwa walipime, na wenye uzoefu tofauti wanisahihishe.

Niseme kwanza tukio lenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule ambayo sitaitaja, madirisha ya maabara yetu yalielekea ziwani. Kipindi kilikuwa cha saa nane mchana, kidato cha tatu, somo la kutambua chumvi. Vichomeo vilikuwa vinawaka mwali wa buluu, na wanafunzi walikuwa wameinamia daftari wakiandika walichokiona. Upepo ukaingia, kama uingiavyo kila siku saa hizo, ukazima vichomeo viwili vya meza ya dirishani. Hakuna aliyejua. Mwali wa buluu katika mwanga wa jua la mchana hauonekani hata ukiwa unawaka, sasa nani angeona kwamba umezimika? Sauti ya gesi ikitoka ilimezwa na kelele za mabati. Baada ya dakika kadhaa mwanafunzi wa meza ya tatu aliwasha njiti ya kiberiti ili awashe kichomeo chake, na mwako ukapita chini ya meza kama shuka jembamba linalokung'utwa. Ulikwisha kabla hatujapiga kelele. Soksi za wanafunzi wawili ziliungua na mmoja akababuka kidogo kwenye kifundo cha mguu. Tulishukuru, lakini nami nilikuwa na kosa langu, kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni nikizungumza na mhasibu.

Kilichonishangaza siku ile ni kwamba moto ulipita miguuni, wala haukupita usoni. Jibu lake liko katika aina ya gesi tunayotumia. Vitabu vingi vya maabara vinavyotufikia vimeandikwa kwa nchi ambazo gesi huletwa shuleni kwa bomba, nayo ni methani kwa sehemu kubwa, ambayo uzito wake ni kama nusu tu ya uzito wa hewa. Ikivuja hupanda juu na kutafuta njia ya kutokea kwenye dari na madirisha. Hata kichomeo chenyewe kilizaliwa na gesi nyepesi. Robert Bunsen na fundi wake Peter Desaga walipokitengeneza Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1855, mji ule ulitumia gesi iliyotokana na makaa ya mawe. Sisi wa Mwanza hatuna bomba la gesi. Tuna mitungi, na ndani ya mitungi mna propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani mara mbili. Gesi hii ikivuja humwagika. Hutembea sakafuni, huingia kwenye mtaro wa sinki, hujikusanya chini ya meza na hukaa hapo ikisubiri cheche.

Twendeni kwenye hesabu ya ubaoni. Chukua maabara yenye urefu wa mita 9, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Gesi ya mtungi huanza kuweza kuwaka inapofika takriban asilimia 2 ya hewa. Kama ingejichanganya sawasawa chumba kizima, ungehitaji karibu kilo 7 zivuje ndipo chumba kiwe cha hatari, yaani mtungi mdogo mzima na zaidi. Lakini haijichanganyi hivyo. Ikilala katika tabaka la sentimita 20 kutoka sakafuni, nusu kilo inatosha. Na pua zetu ziko mita moja na nusu juu ya tabaka hilo. Harufu kali iliyotiwa ndani ya gesi ili itushtue humfikia mtu ikiwa imechelewa, hasa katika chumba ambacho tayari kinanuka amonia na yale mayai viza ya sulfidi ya haidrojeni.

Hapo ndipo upepo wa ziwa unapokuwa mtihani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kujaza nafasi. Asubuhi ni shwari, kuanzia saa tano au sita upepo huanza kujisikia, na alasiri huvuma kweli. Mwalimu akiona miali inayumba, jambo la kwanza analofanya ni kufunga madirisha. Nami nilifanya hivyo kwa miaka. Ukifunga madirisha, mwali unatulia, lakini umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinafagia gesi iliyovuja. Ukiyaacha wazi, upepo unauzima mwali na gesi inaendelea kutoka. Huwezi kushinda pande zote mbili saa nane mchana.

Suluhisho nililolifikia, baada ya kujaribu mengine, ni kwamba kazi ya kichomeo ipangwe vipindi vya asubuhi, na mchana tuachie titresheni, yaani kupima nguvu ya asidi au besi kwa kudondosha kimiminika kimoja ndani ya kingine, ambayo haihitaji moto. Pale ambapo ratiba haikubali, funga madirisha ya upande wa ziwa pekee, acha wazi ya upande wa pili pamoja na mlango, na usitumie meza za dirishani. La muhimu zaidi ni matundu ya hewa yaliyo chini kabisa ya ukuta, usawa wa sakafu. Maabara nyingi za shule za kata, zile zilizojengwa kwa pupa miaka ya 2014 na 2015, zina madirisha mazuri na matofali ya matundu karibu na dari, lakini chini hazina kitu. Fundi mwashi huweza kutoboa matundu manne kwa siku moja, akayawekea wavu wa kuzuia nyoka na panya. Tulipotoboa ya kwetu, mkuu wa shule aliniuliza kama nataka kufuga kuku.

Sasa kuhusu kuwasha, maana hapa ndipo wanafunzi wanapofundishwa nusu. Kichomeo kina kitako, kina mrija, na chini ya mrija kina tundu la hewa lenye pete ya kuzungusha. Kabla ya kuwasha, zungusha pete hadi tundu lifunge. Angalia mpira wa gesi kwa urefu wake wote, uupinde kidogo uone kama una nyufa, na uhakikishe kila ncha imebanwa kwa klipu ya chuma, si kwa waya wala kwa kamba ya mpira wa baiskeli. Kisha njiti kwanza, gesi baadaye. Washa njiti, ilete ubavuni mwa mdomo wa mrija, halafu ndipo mkono wa pili ufungue gesi taratibu. Mwanafunzi anayefungua gesi kwanza, kisha akaanza kutafuta kiberiti mfukoni, ndiye anayetengeneza lile tabaka la sakafuni. Njiti ikizimika kabla gesi haijashika, funga gesi, subiri, anza upya.

Mwali utakaotoka tundu likiwa limefungwa ni wa manjano, wenye masizi, usio na joto kubwa sana, na wanafunzi hawaupendi kwa sababu unachafua vyombo. Mimi ninaupenda, kwa sababu unaonekana. Kichomeo kisichotumika kwa wakati huo, hata kama ni kwa dakika mbili za kuandika, kirudishwe kwenye manjano au kizimwe. Ukitaka kuchemsha au kuchoma, fungua tundu taratibu hadi mwali uwe wa buluu na koni ndogo ionekane ndani yake. Joto kali kabisa, karibu nyuzi 1,500, liko juu kidogo ya ncha ya koni hiyo, wala si kwenye koni yenyewe kama wengi wanavyodhani. Ukimaliza kazi, rudisha manjano, kisha zima.

Waliokulia Igombe au Kayenze wataelewa jambo hili haraka wakikumbuka karabai za kuvulia dagaa. Mafuta yakichelewa kuwa mvuke karabai hutoa ulimi wa manjano na moshi, lakini mvuke ukishatoka kwa kasi kwenye kitundu chake na kuvuta hewa pamoja nao, mwanga unakuwa mweupe na safi. Kichomeo hufanya vivyo hivyo. Gesi ikitoka kwa kasi kwenye jeti, yaani kile kitundu chembamba cha gesi chini ya mrija, huivuta hewa yenyewe kupitia tundu. Ndiyo maana gesi ikipungua kasi, mambo huharibika.

Uharibifu huo una jina lake kwetu: mwali kurudi ndani. Hutokea pale tundu la hewa liko wazi kabisa na gesi ni kidogo, kwa mfano mtungi unapoelekea kuisha. Mchanganyiko unapanda kwenye mrija polepole kuliko mwali unavyoweza kushuka, basi mwali unashuka na kuanza kuwakia chini, kwenye jeti. Juu unaona kitu chembamba chenye rangi ya kijani au huoni chochote, na unasikia kichomeo kinanguruma. Mrija unakuwa moto kiasi cha kubabua ngozi, na mpira ulio karibu na kitako huanza kulainika. Mwanafunzi, kwa nia njema kabisa, hunyoosha mkono kuzungusha pete. Nimewahi kuona vidole vitatu vya mtoto vimebaki na alama ya pete ile. Usiguse kichomeo. Funga gesi mezani au kwenye mtungi, acha kipoe kwa dakika kumi au zaidi, kisha ukiwashe tena tundu likiwa limefungwa.

Nimeishia hapo kwa sasa. Karibuni.

---

Mchangiaji wa kwanza, mwalimu wa kemia, Sengerema

Asante sana fundi. Shule yetu haina mfumo wa mabomba. Tuna mitungi mitatu ya kilo 6, na kwenye kila mtungi tumefunga kichomeo juu yake moja kwa moja, kama lile jiko dogo la kupikia chai, tukauweka mezani. Wanafunzi huzunguka makundi matatu. Je, utaratibu huu una tatizo gani, maana naona una faida ya kutokuwa na mpira wa kuvuja?

Mleta uzi

Mwalimu, ni kweli umeondoa mpira, lakini umeleta matatizo mawili makubwa zaidi. Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika, na juu yake kuna nafasi ya mvuke. Mtungi ukiwa wima, kinachotoka ni mvuke. Ukiangushwa na kiwiko cha mwanafunzi, kimiminika kinafika mdomoni, na tone moja la kimiminika huwa zaidi ya mara mia mbili ya ujazo wake likigeuka gesi. Mwali wa sentimita kumi unakuwa mwali wa mita. Na mtungi wenye kichomeo, stendi, wavu na bika la maji juu yake ni kitu kirefu chenye kitako chembamba, juu ya meza iliyozungukwa na watoto kumi na watano.

La pili ni kwamba joto liko karibu sana na valvu. Kama hakuna fedha za mabomba, ningekushauri ubaki na kichomeo kimoja cha maonyesho kwenye meza ya mwalimu, mtungi ukiwa nje ya ukuta ndani ya kizimba cha nondo chenye kivuli, wima, mpira mfupi ukipita kwenye tundu lililovishwa kipande cha bomba ili usisuguliwe na tofali. Mitungi miwili iliyobaki mpeni mpishi wa shule. Makundi ya wanafunzi yatumie taa za spiriti kwa kazi ndogo. Joto lake ni dogo, lakini linatosha kwa majaribio mengi ya kidato cha kwanza na cha pili.

Na regyuleta, kile kifaa cha mtungini kinachopunguza shinikizo la gesi, iwe ile ya shinikizo dogo, ya majumbani. Nimekuta shule imefunga ile ya majiko makubwa ya mikahawa, yenye kishikio cha kuzungusha, na miali ikawa inaruka kutoka mdomoni mwa mrija na kujizima yenyewe.

---

Mchangiaji wa pili

Fundi, kwa heshima zote, naona unawatia walimu hofu bila sababu. Mama ntilie wa Kirumba na wa pale Mwaloni wanatumia mitungi hiyo hiyo, upepo huo huo, kutwa nzima, na wengi wao hawajaingia maabara. Serikali yenyewe inatuhimiza tuhamie kwenye nishati safi ya kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Iweje gesi iwe salama jikoni na iwe balaa darasani? Mwishowe walimu watafundisha kwa kuchora kichomeo ubaoni.

Mleta uzi

Hoja yako ya mwisho ninaikubali yote. Maabara ambayo kichomeo kimefungiwa kabatini kwa hofu ni hasara, na mwanafunzi anayekiona kwa mara ya kwanza kwenye mtihani wa vitendo ndiye atakayejiunguza. Sikuandika ili kizimwe.

Lakini mama ntilie na mwanafunzi hawafanani. Yeye ana jiko moja, na jiko hilo limefunikwa na sufuria pana inayoukinga mwali. Amesimama mbele yake saa zote, na mwali ukizimika wali wenyewe utamwambia. Banda lake mara nyingi liko wazi pande tatu. Maabarani kuna vichomeo kumi, macho arobaini yako kwenye neli ya majaribio au kwenye daftari, mwali haujafunikwa na kitu, na kuta ziko nne. Ukitaka kulinganisha, mlinganishe mama huyo akiwa na majiko kumi ndani ya chumba, amewakabidhi watoto wa miaka kumi na mitano, naye ameketi mbele anaandika.

---

Mchangiaji wa tatu, mwalimu wa biolojia, Ukerewe

Mimi swali langu ni la jani. Katika jaribio la kupima wanga kwenye jani tunatakiwa kuondoa ukijani kwa kulichemsha jani ndani ya spiriti. Mwaka jana bika la spiriti lilishika moto juu ya kichomeo. Tuliuzima kwa kufunika na kitabu cha mahudhurio, ambacho sasa hakina jalada. Je, kuna njia ya kuuwasha moto mdogo zaidi?

Mleta uzi

Dada yangu, katika jaribio hilo spiriti haitakiwi kuuona moto kabisa, uwe mdogo au mkubwa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka ubavuni mwa bika na kuufuata mwali popote ulipo, na huanza kuweza kushika moto hata katika joto la kawaida la chumba chetu. Isitoshe, mwali wa spiriti ni hafifu mno mchana, kiasi kwamba mtu huweza kunyoosha mkono kwenye bika linalowaka akidhani limezimika.

Fanya hivi. Chemsha maji kwenye bika, litie jani dakika moja au mbili ndani ya maji hayo ili lilainike, kisha zima kichomeo na ufunge gesi. Waambie wanafunzi wote wazime, si kundi lako tu, na uhakikishe kwa macho yako. Hapo ndipo chupa ya spiriti itoke kabatini. Weka jani ndani ya neli pana, mimina spiriti ya kulifunika tu, na usimamishe neli hiyo ndani ya yale maji ya moto. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78, na hapa kwetu chini kidogo ya hapo, kwa hiyo maji yaliyotoka kuchemka yanatosha kabisa kuitoa rangi ya jani. Maji yakipoa, badilisha kwa maji mengine ya birika la umeme. Kitabu cha mahudhurio kilifanya kazi sahihi, maana kufunika ndiko kuzima, lakini weka kitambaa kizito kilicholowa au kigae cha sakafu karibu na meza. Maji usimwage, yatausambaza mwali juu ya meza yote.

Kwa kuwa nimetaja kuchemka, niongeze jambo dogo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa Mwanza na Ukerewe huchemka karibu nyuzi 96. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeona 96, akadhani moto hautoshi, akaongeza gesi hadi bika linarusha maji. Kipimajoto chake ni kizima.

---

Mchangiaji wa nne, mzazi, Buswelu

Binti yangu yuko kidato cha pili na huvaa ushungi. Ameniambia ameambiwa auvue au asisogee karibu na moto, na tangu hapo anakaa nyuma ya darasa. Je, hiyo ndiyo kanuni?

Mleta uzi

Hapana mzazi wangu, kanuni haisemi hivyo, na kumweka nyuma ni kumnyima somo. Kinachotakiwa ni kwamba kitambaa chochote kisining'inie. Ushungi mfupi wa pamba, uliobana, ncha zake zikichomekwa ndani ya koti la maabara lililofungwa vifungo vyote, ni salama kuliko nywele ndefu zilizoachwa. Vitambaa vya nailoni na vile vinavyoteleza ndivyo vibaya, kwa kuwa vikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kwa hesabu yangu mwenyewe, vitu vilivyoungua mara nyingi zaidi mbele yangu ni tai za wavulana na mikono ya sweta. Sweta nyingi za sare ni za nyuzi za plastiki, na mtoto huzivaa asubuhi kwa baridi. Zivuliwe zote kabla ya kipindi. Miwani ya usalama ivaliwe na wote, na viatu viwe vya kufunika mguu mzima, wala si kandambili za Jumamosi.

---

Mchangiaji wa tano, muuguzi

Naomba nichangie upande wangu. Watoto wa shule wanaoletwa kwetu na majeraha ya moto mara nyingi wamepakwa dawa ya meno, asali, ute wa yai au mafuta ya kula. Vyote hivyo hufunga joto ndani na kutufanya tusilione jeraha vizuri. Tunachohitaji ni maji ya bomba ya kawaida, yanayotiririka taratibu juu ya palipoungua kwa dakika 20. Tafadhali ziwe dakika 20 za saa, kwa sababu mwalimu humwaga kikombe kimoja akaona imetosha. Barafu isitumike. Pete, bangili na saa vitolewe mapema kabla mkono haujavimba, malengelenge yasitumbuliwe, na jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisicho na manyoya au mfuko safi wa plastiki. Likiwa usoni, mkononi, kwenye kiungo, au ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, mleteni hospitali.

Mleta uzi

Nashukuru sana muuguzi. Maelezo haya nitayaandika kwa herufi kubwa nikayabandike juu ya sinki, wala si ofisini kwa mkuu. Niongeze tu kwamba nguo za mwanafunzi zikishika moto asikimbie. Alazwe chini na aviringishwe au afunikwe kwa blanketi. Na kama gesi inavuja lakini haijawaka, asiguse mtu swichi ya taa wala feni, iwe kuwasha au kuzima, maana cheche hutoka pande zote mbili. Funga mtungi, fungua milango, toeni watoto, kisha pigieni zimamoto 114 mkiwa nje.

---

Mchangiaji wa sita, fundi maabara mwanafunzi, Nyegezi

Kaka mkubwa, shikamoo. Nimepokea vichomeo sita vya msaada kutoka nje, vipya kabisa. Nimeviunganisha kwenye mtungi wetu, regyuleta ni ya majumbani, mpira ni mpya. Lakini hata nikifungua tundu lote la hewa, mwali unabaki mrefu, wa manjano, wenye masizi, na chumba kinatuumiza kichwa baada ya nusu saa. Nimesafisha mirija mara tatu. Tatizo ni nini?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Mirija haina kosa. Vichomeo hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya gesi ya bomba, na jeti yake ina kitundu kikubwa kuliko kinachofaa kwa gesi ya mtungi. Lita moja ya propani inahitaji lita tano za oksijeni ili iungue yote, yaani karibu lita 24 za hewa. Lita moja ya methani inahitaji lita mbili tu za oksijeni. Kitundu kikubwa kinapitisha propani nyingi kuliko hewa ambayo tundu linaweza kuivuta, kwa hiyo gesi haiungui yote. Kuumwa kichwa huko msikuchukulie kama uchovu. Gesi isipoungua yote hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu. Acheni kuvitumia leo hii.

Geuza kichomeo uangalie kwenye kitako, mara nyingi kuna alama iliyogongwa ya aina ya gesi. Ukifungua mrija utaiona jeti, ni kipande kidogo cha shaba nyeupe au njano chenye uzi wa kuskrubia. Jeti za gesi ya mtungi huuzwa peke yake na wauzaji wa vifaa vya maabara, ni rahisi kuliko kununua kichomeo kipya. Usijaribu kukipunguza kitundu kwa kukigonga nyundo au kukiziba kwa risasi, nimeona matokeo yake.

Mchangiaji wa sita

Nimegeuza. Alama ipo, na inasema gesi ya bomba kwenye vyote sita. Nimevitoa mezani na nimevifunga kabatini. Jeti nimeziulizia mjini, wamesema zipo nne tu, nyingine baada ya wiki mbili.

Mleta uzi

Chukua hizo nne. Ukishazikaza, pakaa maji ya sabuni kwenye kila kiungo kuanzia mtungini hadi kwenye kitako, gesi ikiwa wazi na vichomeo vikiwa vimefungwa, utazame mapovu kwa dakika nzima. Fanya kazi hiyo asubuhi.